Pamba Chini ya Rangi

Mwangaluka, mjukuu wangu Minza, mke wangu wa utani.

Bariadi nzima hakuna anayejua magari kunishinda. Haya, nimedanganya, nimewahi kuwa na pikapu moja tu, nayo ilikuwa kutu tupu. Bibi yako hajambo, anakusalimu. Ng'ombe wawili wamezaa.

Unauliza kama unaweza kupaka hiyo pikapu yako rangi juu ya kutu, maana kukwangua kunakuchosha. Mimi nilipaka. Sakafu ilikuwa na matundu, nikayaziba kwa pamba, nikapaka rangi ya bluu, nikaenda Mwandoya kumchukua baba wa bibi yako aje kuona ng'ombe wa mahari. Njiani tukarushwa na shimo, mguu wake ukatoboa sakafu.

Akauchomoa taratibu. "Ulijua?"

"Nilijua, baba."

"Ungesema, ningepanda nyuma. Na hao ng'ombe nao, umewapaka nini?"

Akashuka, akarudi kwake kwa miguu. Sikuwa na mchumba tena.

Nilikwangua mwezi mzima, nikachomelea bati, nikamfuata bila kupaka chochote. Aligongagonga sakafu kwa fimbo yake, akapanda mbele, akasema, "Twende." Rangi tulipaka baadaye, mimi na bibi yako.

Sasa kwa jibu hilo nakudai. Mama yako kila siku ananiuliza lile friji ulilomwahidi, nami namwambia liko njiani. Mpigie mwenyewe umweleze kwamba pesa ya friji imegeuka pikapu. Mimi nimechoka kula ugali wake huku nimeinamisha macho.

Babu yako,
Masanja