Kigololi cha Hewa

Dada mpenzi,

Natumai hujambo wewe, shemeji na watoto, na kwamba kile kikohozi kimekuachia. Sisi tungali wodini, mimi na Kidole. Jina hilo manesi wamelizoea. Siku hizi ananyonya mwenyewe, tena kwa hasira, kama mtu aliyedhulumiwa.

Jana daktari wa macho alinieleza vizuri yale tuliyoambiwa juu juu ulipokuja. Kwa mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, vishipa vya damu nyuma ya jicho ni vyembamba kuliko uzi, bado vinajengeka. Oksijeni ikizidi, mwilini huzaliwa chembe ziitwazo huru. Nikauliza, uhuru una ubaya gani? Akasema hizi hazina mwenza, basi huparamia chochote na kunyang'anya wenza wa wengine, na vishipa vidogo ndivyo vinavyoumia. Nikasema, kumbe ni kama yule jirani yetu tangu aachwe na mkewe! Akacheka sana. Kisha akasema vya Kidole vimeumia, jicho la kushoto zaidi. Cheko likaniganda mdomoni.

Jumatatu atachomwa nyuma ya macho kwa mwanga maalumu, vishipa vilivyoumia visiendelee kuota ovyo. Anasema tumewahi, na wengi huona. Ila hakuniahidi.

Sasa dada, kaa chini. Yule nesi uliyemjia juu mbele za watu, ukamwita muuaji wa macho, ameondolewa wodini na anahojiwa. Hana kosa. Ni mimi.

Alikuwa akikishusha kile kigololi kinachoelea ndani ya kioo cha mtungi kuonyesha oksijeni inayotoka, mpaka kwenye alama aliyoandikiwa na daktari. Akigeuza mgongo, nazungusha koki nakipandisha. Niliona kifua cha mwanangu kinavyohangaika, nikajiambia hewa ya Mungu haiwezi kuzidi, hawa wanatubania tu sisi tusio na mtu mkubwa. Akirudi anashangaa, anagonga kioo kwa kucha, anadhani kifaa ni kibovu, anakishusha tena. Mimi naangalia pembeni. Hata ulipomtukana nilikushika mkono nikalia, ukadhani ni uchungu.

Nikifunga barua hii naenda kwa mkuu wa wodi. Wakinikataza kumkaribia mtoto, njoo ukae naye wewe. Na uje na neno la radhi kwa yule nesi. Matusi yalikuwa yako, lakini aliyekupa sababu ni mimi.

Msalimie mama. Hili nitamwambia mwenyewe. Kidole yuko macho, ananitazama. Sijui anaona kiasi gani. Namchekea tu.

Ni mimi mdogo wako,
Mama Kidole