Kijiko cha Mchana

Alhamisi, 6 Machi. Gitega

Uji umerudi tena. Nimeumwaga mwenyewe nyuma ya nyumba, nimeosha chupa ya chai uliyowekwa, nimeiacha wazi ikauke. Ndiyo jioni zangu sasa. Mchana Mama anapika kwenye mafiga ya nje ya hospitali pamoja na wengine wanaouguza watu wao, anaingia na bakuli, Bibi anageukia ukuta. Mimi natoka shuleni kufundisha, napita kuchukua kilichokataliwa.

Bibi, mama mzazi wa Baba, aliteleza kwenye matope kule kwetu Giteranyi akiwakatia mbuzi majani. Nyonga imevunjika. Kutoka hospitali ya Muyinga tukaelekezwa huku. Daktari anasema atapasuliwa, lakini si leo. Damu kidogo, mwili mwepesi kupita kiasi. Ale kwanza, asubuhi, mchana na jioni, apate nguvu. Asipokula hapasuliwi. Asipopasuliwa hatainuka tena, na kwa umri wake kulala tu ni kuanza kufa. Alisema kwa Kifaransa, akinitazama mimi. Nikamtafsiria Mama yote. Sikupunguza neno.

Mama akauliza kitu kimoja tu: kama uji wa mtama unafaa kuliko wa mahindi.

Ijumaa, 7 Machi

Maumivu hayamzuii Bibi kula. Kinachomzuia ni Mama.

Kwetu anayetoa ndiye anayeonja kwanza. Pombe ya harusi, chai ya mgeni, chochote. Unakunywa funda moja mbele ya macho ya mtu, aone hakuna sumu, ndipo unampa. Siku hizi wengi wanafanya kwa adabu tu, huku wakicheka. Bibi hachezi. Kwa Mama hajawahi kucheza. Kule mlimani, kijijini kwetu, anajipikia nyumbani kwake au analetewa na Shangazi Goreti, binti yake. Chungu cha Mama hakigusi.

Na huu ni mwezi wa Ramadhani. Mama amefunga. Hawezi kuonja mchana.

Jioni hakuna shida, tumeshafuturu, Mama anaonja na Bibi anakula vijiko viwili vitatu huku anasinzia. Lakini kutwa nzima ni Fanta tu, na kizibo lazima kifunguliwe akiwa anaona. Shangazi alisema angekuja kupika yeye. Leo amepiga simu: mafuta hakuna, magari ya Muyinga yamelala. Labda wiki ijayo. Labda.

Nina hasira. Nimeiandika ili nisiiseme.

Jumapili, 9 Machi

Bibi amekula! Jana mchana na leo mchana. Bakuli tupu, Mama kanionyesha kama mtoto anayeonyesha daftari lenye alama nzuri. Nimemuuliza amefanyaje. Akasema: "Nimembembeleza."

Nimerudi chumbani kwangu natembea kama mtu aliyepewa cheo.

Hawa watu hawajui Mama ni nani. Mimi najua. Alikuwa binti wa Kigoma mjini, kwao wana duka la vitenge. Akaenda kuuza kambini, akamwona Baba, kijana mkimbizi anayeshona viatu. Baba akasilimu ili amwoe, akaacha jina lake la ubatizo. Bibi hakuwahi kumsamehe yeyote kati yao, ila Baba ni mwanawe, hivyo lawama yote ikahamia kwa Mama. Siku ya kurudi Burundi, wajomba zangu walikuja kumchukua dada yao. Walimwambia huko unakokwenda huna mtu. Akapanda lori la wanaorejea, mimi mgongoni, sufuria kichwani. Hakuwahi kushika jembe. Sasa mikunde ya Mama ndiyo watu wa mlima wetu wanayoomba mbegu zake.

Baba yuko huko anapalilia. Anapiga simu kila jioni, anauliza mama yake amekula nini. Hamuulizi Mama amekula nini.

Jumanne, 11 Machi

Nimeona.

Shule imefungwa mapema, mwalimu mwenzetu amefiwa. Nimefika wodini wakati wa chakula cha mchana. Mama alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda. Akachota uji, akautia kinywani mwake mwenyewe, akameza. Akafungua kinywa, Bibi akakagua. Kisha kijiko kikaanza kwenda kwa Bibi, taratibu, mpaka bakuli likaisha.

Nilisimama mlangoni. Mama aliniona na hakushtuka.

Nje nilimwambia maneno mengi. Kwamba haiwezekani afunge miaka yote ile katikati ya watu wanaokula, wakimcheka kule shambani, halafu aje kufungua hapa kwa sababu ya mtu anayemdhania mchawi. Akaniacha nimalize. Akasema siku zake atazilipa. Mungu anamngoja, nyonga haingoji.

Nikamwambia basi aonje ateme, hilo linaruhusiwa. Akasema alishajaribu, siku ya kwanza. Bibi alipomwona anatema alisukuma bakuli likamwagika kitandani. Kwa nini mtu ateme chakula kizuri?

Nikasema nitaonja mimi, wiki hii sifungi. Bibi, tulipoingia, hata hakufikiri: "Aliyepika ndiye anaonja. We ulipika?"

Nikasema nitaomba ruhusa shuleni, nije nipike. Hapo Mama ndipo alipokasirika. Hakuvuka mpaka, alisema, ili mimi niache darasa nije nichochee uji.

Jumatano, 12 Machi

Jambo linaloniumiza zaidi nimeligundua leo. Baada ya kile kijiko kimoja Mama hali kitu. Hanywi hata maji. Anakaa vile vile na kiu mpaka magharibi. Funga imeshaharibika na njaa anaibeba yote.

Ningekuwa mimi ningekula. Najijua.

Ijumaa, 14 Machi

Bibi ana rangi usoni. Leo amemwambia muuguzi kuwa sindano zake hazina heshima. Dalili nzuri. Daktari amesema akiendelea hivi watampasua wiki ijayo.

Lakini kuna jingine. Jioni wanakuja wanawake wa mtaa wa Waislamu na futari kwa wagonjwa na wanaouguza: tambi, maharage ya nazi, chapati, chai ya tangawizi. Siku za kwanza Mama alipewa sahani iliyojaa, kwa kuwa ni mgeni wa mbali. Walimpenda kwa Kiswahili chake. Walikuwa wanamwambia aseme tena, wafurahie.

Leo sahani zimepita kitandani kwetu hazikusimama. Kulia wakapewa, kushoto wakapewa. Mama akajifanya anakunja shuka.

Jumapili, 16 Machi

Sasa najua nani aliyewaambia wanawake wa futari. Ni Mama Shabani, anayemuuguza dada yake kitanda cha jirani. Mwanamke mnene, mcheshi, wodi nzima inacheka naye na kumpenda. Amemwona Mama na kijiko kila mchana.

Leo hakungoja tuondoke. Alisema wakati mafungu ya chapati yanagawanywa, kwa sauti ya mtu anayesimulia kichekesho: "Mi niko nashangaa, jamani. Kigoma Ramadani iko ya nusu siku? Huyu mama asubuhi iko amefunga, saa ya uji iko anafunga mdomo kwenye kijiko. Na magharibi iko mbele yetu kwenye mstari!"

Wanawake walicheka. Mmoja alisema astaghafiru, lakini alicheka pia.

Nilikuwa nimeshasimama. Mama akanishika mkono, kwa nguvu, kucha zikaingia. Nikatoka naye nje. Akaniambia nisithubutu kuwaeleza.

"Kwa nini, Mama? Wanakutukana."

"Nikiwaeleza nimesema nini? Nimesema mama wa baba yako ananiona muuaji. Niseme hivyo mbele ya wodi nzima, yeye amelala pale hawezi hata kugeuka? Wacha wanicheke mimi. Mimi nina miguu, nitaondoka."

Nikamfuata ndani. Nami ninayo shahada, ninafundisha watoto wa watu jinsi ya kujenga hoja.

Leo nilimwonea fahari mpaka nikashindwa kula.

Jumanne, 18 Machi

Mama alikuwa amekwenda kufua. Bibi akaniita nimsogezee mto. Kisha akauliza, kana kwamba anaulizia mvua: "Wale wanawake wa sahani. Kwa nini wanamruka mama yako?"

Mama alinikataza kuwaambia wale wanawake. Kuhusu Bibi hakusema. Najua hii ni hila ya mwanafunzi. Niliitumia.

Nilimwambia kila kitu. Sikuinua sauti. Nilimwambia kwamba kijiko anachomeza Mama kila mchana kinavunja funga, kwamba kila siku ya namna hiyo ni deni atakalolilipa peke yake wengine wakiwa wanakula, na kwamba wenzake wa dini wanamwona mlafi.

Nilitaka aumie. Naandika ukweli.

Bibi aliinua kichwa kwenye mto. "Kijiko moja?" akasema. "Kijiko moja iko inaharibu siku yote?"

Hakujua. Huyu Bibi aliyeishi na Waislamu kambini, ambaye mwanawe mwenyewe anafunga, hakujua. Yeye yuko kwenye Kwaresima yake. Tangu Jumatano ya Majivu anafunga kwa namna ya kwao: Ijumaa hali nyama, siku za kufunga anakula kidogo asubuhi, kidogo jioni, na hayo madogo hayaharibu kitu. Alidhani ni vivyo hivyo. Alidhani Mama anaonja na funga inaendelea, kama yake. Kwa miaka yote waliyokaa mlima mmoja hakuwahi kuuliza na hakuna aliyemwambia.

Akageukia ukuta. Nilidhani amekasirika. Baadaye nikaona mabega yakitikisika.

Jumatano, 19 Machi

Niandike haraka nisisahau hata neno.

Magharibi wanawake wameingia na sahani zao. Mama Shabani tayari anacheka jambo fulani. Walipofika kwetu wakapita. Bibi akagonga chuma cha kitanda kwa kikombe.

"Nyinyi wa sahani. Mukuje hapa."

Wakasimama. Mama akamwinamia, akamwambia kwa upole apumzike, asijichoshe. Bibi akamsukuma pembeni.

"Mumuache huyu. Hakula juu ya tamaa. Ni mi nilikuwa namulisha. Kila mchana nilimwambia, onja nione. Nilikuwa namuogopa. Mtoto wangu alimufuata, akaacha jina lake la ubatizo, mi nikasema huyu mwanamke atanimaliza na mi. Tangu siku ile nilikuwa namungoja aniue." Akapumua. "Bado hajaniua. Iko ananisafisha haja yangu na mikono yake. Binti yangu mwenyewe hakufika. Sasa mumupe chakula yake."

Hakuna aliyecheka. Mama alikuwa ameficha uso kwenye mtandio, akirudia tu: "Mama, basi. Mama, basi." Kwa aibu. Si aibu yake, aibu ya Bibi.

Mama Shabani alikuja na sahani yake mwenyewe, ile aliyokuwa ameanza kula. Akaiweka mapajani mwa Mama. Kisha akaenda kumfokea dada yake ambaye hakuwa amekosa.

Nje Mama alinigombeza vikali. Kumwambia mgonjwa mambo kama yale, karibu na kupasuliwa. Alikuwa na haki. Ila sauti ilikuwa ya mtu aliyetua mzigo.

Alhamisi, 20 Machi

Mchana Mama ameingia na bakuli, ameshika kijiko tayari kuonja. Bibi amenyoosha mkono: "Lete."

Mama amefunga leo.

Jumamosi, 22 Machi

Wamempasua jana asubuhi. Imekwenda vizuri. Daktari alisema alikuwa na nguvu kuliko walivyotarajia, akanipongeza mimi. Nikamwonyesha Mama, aliyekuwa amelala ameketi kwenye benchi la korido, mdomo wazi. Huyo, nikasema. Daktari alimtazama kwa heshima kidogo, ya haraka, kama watu wanavyofanya. Nilitaka amtazame zaidi.

Jumatatu, 31 Machi

Idi. Tumeswali, nimevaa kitenge kipya alichonishonea Mama. Mama Shabani ameleta pilau ndoo nzima. Shangazi Goreti hatimaye amefika, anapika, anaongea, anapanga upya kila kitu. Bibi anakula vya wote na kuwalaumu wote kwa chumvi.

Jumapili, 13 Aprili. Giteranyi

Likizo. Nimefika jana kwa baiskeli kutoka njia kuu, begi kwenye mapaja, dereva akisukuma kwenye miinuko. Mvua imeosha kila kitu. Bibi anatembea na gongo mpaka uani. Sasa analala nyumbani kwetu, chumba cha mbele, mpaka apone. Baba anatazama hali hiyo, anatabasamu peke yake anaposhona viatu.

Mama ameanza kulipa siku zake. Leo pia amefunga. Asubuhi amepalilia, kisha ametupikia sisi wote, akakaa kwenye mkeka nyuma ya mlango, akalala. Mchana kweupe. Sikumbuki kumwona Mama amelala mchana hapa nyumbani.

Nimekaa dirishani naandika. Watu wanatoka misa ya Matawi, wanapita kumsalimu Bibi. Wameshika matawi ya mitende, wanaongea kwa sauti za furaha tangu mbali, watoto wanakimbia mbele. Bibi yuko mlangoni kwenye kiti, gongo kalilaza kizingitini ili mtu asivuke. Ameinua mkono.

"Polepole," amewaambia. "Mkamwana wangu amelala."

Wageni wamekaa uani, kwenye majani yenye unyevu. Wanazungumza kwa kunong'ona. Wengine hawajui kwa nini, lakini wananong'ona.