Uso wa Kaisari

Dada yangu mpendwa Perpetua,

Amani kwako na kwa wote walio nyumbani. Hapa Stockholm theluji inaanguka tangu asubuhi. Leo mjukuu wangu Anitha alinipeleka makumbusho kuona sarafu za dhahabu za Warumi, kama hii iliyo upande wa picha wa kadi hii. Kaisari amekufa zamani mno, lakini uso wake ungali wazi.

"Babu, pua yake kama yako!" Anitha alicheka. "Na bibi, pua yake ilikuwaje?"

Sina hata picha moja ya kumwonesha. Baada ya kumzika mke wangu, niliamuru picha zake zote zichomwe ili watoto wasiendelee kulia. Ulinisihi, nami nikakukemea. Ikiwa ulinikaidi ukaficha hata moja, nakushukuru. Uitume huku Rissne, mtaa tunaoishi, nimwoneshe mtoto.

Nakuombea afya njema.

Kaka yako,
Silvesta