Jina la Ukoo wa Mzee Mholanzi

Wifi yangu Rehema,

Pole tena na tena. Hapa Irving, huku ughaibuni, ndege zinapita juu ya paa kutwa nzima, na hakuna hata moja iliyoniwahisha kwenye maziko ya kaka yangu.

Leo asubuhi nilimpikia uji mzee ninayemtunza, Mholanzi wa ukoo wa Naaktgeboren. Nikamweleza kwamba kaka amekuacha na mimba, na mama anataka mtoto aitwe Mashaka, kama tunavyowaita wanaozaliwa msibani. Akaweka kijiko chini.

"Hata jina letu asili yake ni hiyo," akasema. "Maana yake, aliyezaliwa baada ya baba kufa. Babu yetu wa kale alipewa, nasi tunarithishana msiba wake mpaka leo."

"Na huyo baba aliyekufa aliitwa nani?"

"Hakuna anayejua."

Wifi, kula vizuri, usijikondeshe. Mama niachie mimi. Mtoto akiwa wa kiume mwite Salumu, kama baba yake. Nikirudi nataka nipige hodi hapo kwako, niite Salumu, na mtu aitike.

Wifi yako akupendaye,
Mwanaidi