Akaunti Uliyoiacha Kwenye Kompyuta ya Maziwa

Mpendwa kaka Deo,

Kwenye simu ningemeza maneno, unanijua. Ndiyo maana naandika barua hii, ingawa sijui kama huko Tarakea utaisoma.

Unakumbuka barazani kwetu Rau, uliponifundisha kutengeneza kisakinishi, kile kinachoiweka programu kwenye kompyuta? Uliniambia faili za kawaida zinajua kujiondoa usakinishaji ukikwama. "Lakini hatua uliyoitunga mwenyewe, kompyuta haijui kuirudisha nyuma. Andika kwanza ya kufuta, ndipo uandike ya kutenda." Nikiiruka ya kufuta, ulikuwa ukinicheka: "Unashuka kisimani bila ngazi, mdogo wangu?"

Sasa sielewi.

Wiki iliyopita Mama Aika, mwenyekiti wa kikundi cha maziwa, aliniita ofisini kwao. Nikamwamkia, shikamoo. "Marahaba. Hebu njoo uone mashine ya kaka yako, imenuna kuliko ng'ombe wangu." Ile programu uliyowaandikia ya kurekodi lita za kila mfugaji ilitaka toleo jipya. Nikatumia kisakinishi chako. Diski ikajaa, kikakwama katikati, kikarudisha kila kitu nyuma. Kila kitu, ila akaunti moja yenye mamlaka yote, ambayo nenosiri lake unalijua wewe tu. Kisakinishi huifungua kwa muda na kuifuta mwishoni kabisa. Mwishoni hakikufika.

Nikafungua msimbo, maandishi uliyokiandikia kisakinishi. Hatua zote ulizotunga zina ya kurudisha nyuma. Hiyo ya kufungua akaunti peke yake haina.

Nilikupigia. Hata hali ya mama hukuuliza. Ulisema, "Imekwamia wapi?" Halafu, "Iache hivyo hivyo, usiguse kitu." Ukakata.

Nakiri, tangu siku hiyo nakuwazia vibaya. Mwenye akaunti ile anaweza kuingia kwa mtandao akiwa popote na kubadilisha lita wanazolipwa wamama wale wa kikundi. Mama yetu naye hupeleka maziwa pale. Nikimwona anabeba dumu lake asubuhi, natazama chini. Halafu nakukumbuka ukikaa na mimi jikoni, ukinisomesha Kiingereza nilipokuwa siwezi kufungua mdomo darasani, na najiona mbaya. Mtu yule angeiba maziwa? Lakini mtu yule huwa hasahau.

Mama Aika sikumwambia. Nilimwambia tu diski imejaa. Jana nilirudi, nikaifuta akaunti kwa mkono. Nikaandika hatua ya kuirudisha nyuma, nikaiweka kabla ya ile inayoifungua, kama ulivyonifundisha. Kisha nikakikwamisha kisakinishi makusudi, nikakaa kuangalia. Akaunti ikafunguka, ikafutika yenyewe.

Kama ulisahau, kaka, hutaona tofauti yoyote. Kama hukusahau, siku moja utajaribu kuingia, itakukatalia, na utajua ni nani aliyeifuta.

Tangu jana, simu ikilia, naombea isiwe wewe.

Wako asiye na raha,
mdogo wako wa mwisho