Salamu za Kengele ya Nkoma

Nkoma, Itilima

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Naamini barua hii inakukuta mzima, mguu umeacha kukusumbua na michungwa imeshika maua. Mimi sijambo kabisa. Jua la huku ni kali, lakini maziwa na michembe, viazi vyao vya kukaushwa, vinaninenepesha. Ukiniona leo utauliza huyu mama ni nani.

Baba, kaa chini kwanza. Kengele ya Nkoma hakufa.

Ndiyo, Kengele yule yule wa salamu za redio, uliyemsomea Fatiha barazani bila kujua hata dini yake. Nilipopangiwa kazi ya ugani huku uliniambia nilitafute kaburi lake nimwombee. Nimelitafuta tangu nifike. Kila niliyemuuliza alinishangaa, maana jina la redioni majirani hawalijui, na jina lake jingine wewe hukuwahi kulijua. Ndivyo mlivyo watu wa salamu: mnapendana miaka nenda rudi kwa majina ya kujibandika!

Wiki iliyopita nilikwenda kukagua pamba kwa mzee mmoja aitwaye Masanja. Nilimkuta juu ya ngazi, anafunga waya kwenye nguzo ya zizi ili redio yake ikamate masafa mafupi. Chini, mawe ya betri ya redio yameanikwa kwenye ungo yapate jua. Ng'ombe walipoingia, mkewe na binti zake waliwaendea wenye kengele shingoni, wakazijaza pamba zisilie. Nami mtu wa pamba, moyo uliniuma, maana ilikuwa nyeupe, safi, ya daraja la kwanza.

Mama mwenye nyumba akacheka. "Kaa, afisa. Ikifika saa ya idhaa yake ya ng'ambo, hapa hata kuku hatagi."

Idhaa ikaingia, ikapotea, ikarudi na mluzi wake ule ule ninaoujua tangu utotoni. Nilikukumbuka hadi machozi yakanilenga. Habari zikaisha, zikaja salamu, na mara nikasikia mtu anamsalimia Babu wa Michungwa, Muheza, Tanga! Baba, niliruka. "Huyo ni baba yangu!"

Mzee Masanja hakufurahi hata kidogo.

"Huyo namjua," akasema. "Alinisalimia mara mbili tatu, sikumjibu. Ng'wanawane, mwanangu, Muheza nilikuwa na mtu wangu, anaitwa Mzee wa Reli. Mtani wangu hasa. Yule alipokufa, huyu wa michungwa akataka kurithi marafiki wa marehemu."

"Mzee, Mzee wa Reli ndiye huyu huyu!"

"Usinitanie kwa marehemu, mwanangu."

Hapo ndipo nilipojua nimekaa mbele ya nani: Kengele mwenyewe. Nikamweleza kwamba ulipostaafu reli ulisema si haki kujiita kwa kazi uliyokwisha kuiacha, ukajipa jina jipya. Wewe uliona watu wote wataelewa. Kumbe mwenzio alikuwa akilitegea sikio jina la Reli, na halikutajwa tena. Aliagiza misa, akachinja mbuzi wa matanga, kisha akaacha kutuma salamu kwa uchungu. Nawe ulipokosa salamu zake ukasema Kengele naye ametangulia. Wazima wawili mnaliliana, na kila jioni mnasikiliza idhaa moja!

Mzee akapiga paja. "Mbuzi wangu! Amekufa bure!" Akacheka hadi akakohoa, na katikati ya kicheko akaanza kulia waziwazi, anasema "wabeja, wabeja," anamshukuru Mungu. Mkewe naye analia, nami nalia, na ng'ombe na pamba zao shingoni wanatutazama.

Nilitoa simu nikupigie pale pale. Akanishika mkono. "Simu hapana. Tulijuana redioni, tutafufuana redioni." Basi nikautuma ujumbe wake kwa watangazaji, nao wamejibu kwamba watausoma Jumamosi hii.

Sasa sikia kilichonikosesha raha. Mama ameniambia siku hizi habari zikiisha unazima redio, unasema waliobaki kwenye salamu huwajui. Baba, hilo limeniuma sana. Mwaka huu umezika rafiki baada ya rafiki, na huyu mmoja aliye hai atakuita wewe umeshazima! Ndiyo maana nimeandika haraka, na Mwalimu Hadija, mwenzangu hapa anayekuja likizo huko, ameahidi kukukabidhi barua hii mkononi kabla hata hajafika kwao. Nilipoongea na mama juzi nilijizuia nusura nipasuke.

Mpe mama shikamoo yangu, na shangazi anayekuficha mawe mapya ya redio umwambie safari hii ayatoe. Kaka naye apande mchungwani auangalie ule waya, asiseme kesho.

Jumamosi sisi tutazijaza kengele zote pamba mapema. Mzee ameapa kwamba ukishatajwa atazizibua kwa mkono wake zilie zote kwa pamoja, ingawa anajua huko hutazisikia.

Mwanao akupendaye,
Zuhura