Lenzi Niliyoiacha Kabatini

Baba Kidomo na Kidomo wako,

Chakula kiko kwenye friji, ni kupasha tu. Gesi inakaribia kwisha, kwa hiyo leo mtaoga maji baridi. Fundi bomba anakuja saa nne. Asiondoke kabla hamjahakikisha sinki halivuji.

Kidomo, maneno yako ya asubuhi bado ninayo. Nilikuwa nimepanga lenzi zangu za kamera kitandani, nahangaika niende mjini kwa babu yako na ipi kwa siku hizi mbili, ukapita na mswaki mdomoni ukasema, "Safari ile ulirudi na picha mia mbili za maghorofa, ya bibi hata moja." Umenichoma, mwanangu, ila hukusema uongo. Nilijua mama yangu yupo tu, nitampiga picha siku nyingine. Kumbe ndiyo ilikuwa mara ya mwisho kumwona.

~~Nimebeba ile ndefu, nimpige babu yako picha kwa mbali asijue.~~

Hapana. Ndefu nimeitoa kwenye begi, iko kabatini. Ukiitumia, ifute kwa kile kitambaa laini, si kwa fulana yako. Nimechukua ile fupi, ambayo lazima umsogelee mtu mpaka magoti yakaribie kugusana. Mama yako mdogo ananiambia macho ya babu yamefifia sana, mtu akisimama mlangoni hawezi kumtambua tena.

Nataka picha ambayo na yeye ananiona.

Mama